Flaiwili Mbili

Nilichoma klachi ya gari langu kwa kusalimia. Najua mwenye gari yeyote atakayesoma hapa atadhani nimekosea kuandika, kwa hiyo narudia: sikuwa navuta trela, sikukwama kwenye tope, sikushindana na mtu. Nilikuwa nasalimia.

Ilikuwa kwenye mlima wa Igogo, pale barabara inapoacha ziwa na kuanza kujipenyeza kati ya mawe. Mzee mmoja wa Kisukuma alikuwa anateremka, fimbo begani, nami nilikuwa napanda. Nikasimamisha gari nikasema shikamoo. Mtu aliyelelewa hamsalimii mzee huku anatembea, na akishaanza hamkatishi. Mzee akaitikia marahaba, akauliza nyumbani, akauliza watoto ambao tulikuwa bado hatujapata, akauliza mvua, akauliza pamba, akauliza ng'ombe wa baba mkwe wangu, ambaye ni Mhaya na mali yake yote ni migomba. Yote nikayajibu. Breki ya mkono ilikuwa imekufa siku nyingi. Ya mguu ilikuwa hai kabisa, lakini sikuikanyaga, maana nilikuwa nimejifunza kulishikilia gari mlimani kwa klachi, nusu juu nusu chini, kama unavyomshikilia mbuzi kwa kamba, nikaamini huo ndio udereva wa watu waliosoma.

"Kijana, kuna kitu kinaungua huko kwako," mzee akasema.

"Ni gari tu, mzee."

"Ahaa," akasema, akaendelea na hali ya mama mkwe.

Alipotosheka nikaachia klachi ili niondoke. Injini ikanguruma, moshi mweupe ukapanda kati ya miguu yangu, na gari likateremka kinyumenyume, taratibu, mpaka likaegemea jiwe. Mzee akanipungia fimbo. Nadhani aliona ndivyo magari ya aina ile yanavyoaga.

Gari lenyewe lilikuwa la viti viwili, refu puani, fupi mgongoni, paa lake la turubai. Lilikuwa limeundwa kwa ajili ya mbio. Mtaalamu mmoja wa pamba, Mwingereza, aliliacha alipofunga mizigo kurudi kwao, na hakuna mwingine aliyelitaka. Miaka ile tulikuwa tunahimizwa kila siku kuishi pamoja na kulima pamoja, na gari linalobeba mtu na mwenzake tu lilikuwa kama tusi lenye magurudumu. Jirani yetu, mama mmoja wa Kikerewe aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, alilizunguka siku lilipofika.

"Watu wengine wanakaa wapi?" akauliza.

"Hakuna watu wengine, Mama Balozi."

"Basi hili si gari, Karani. Hiki ni kitanda."

Karani ndilo jina nililoitwa mtaani, kwa kuwa nilikuwa karani wa stoo katika kinu cha kuchambulia pamba. Wenzangu tuliomaliza nao sekondari walikwenda Dar, wakaenda Arusha, mmoja alifika hata Ulaya. Mimi nilipata kazi mahali ambapo nikisimama mlangoni kwetu naliona paa lake, nikamshukuru Mungu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Serikali ilipokataza magari ya watu binafsi kutembea Jumapili mchana ili kubana mafuta, mji mzima ulinung'unika. Mimi katika sheria zote za nchi hiyo ndiyo niliyoipenda. Nililitoa gari uani nikalipangusa, nikaweka kiti, nikakaa kulitazama. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Lakini mke wangu alikuwa nesi, na manesi hawakai uani. Alihamishiwa zahanati ya kijiji kipya cha ujamaa, juu ya vilima, ukishapita Mkolani. Basi la huko liliondoka lilipojisikia, na lilipojisikia kuharibika liliharibika. Hivyo kila asubuhi nikawa nampeleka na kuwahi kurudi kabla ya king'ora cha kinu, na jioni namfuata. Nilinung'unika njia nzima, kwenda na kurudi. Usukani hata hivyo sikumpa, ingawa alikuwa amejifunza kuendesha Landrova ya hospitali ya misheni huko kwao Bukoba. Nilimwambia gari hili lina tabia zake.

Klachi ilipoungua, mganga wa zahanati alimweleza mke wangu bila ukali wowote. Kina mama wenye mimba wanatoka vijiji vya mbali na wanafika kabla jua halijapanda. Nesi awepo mlango unapofunguliwa. Kama usafiri haupo, kuna chumba cha mtumishi nyuma ya zahanati, kina kitanda na dirisha. Ahamie huko, nyumbani aende mwisho wa mwezi. Akampa muda mpaka mwezi ule uishe aamue.

"Nimekwenda kukiona," mke wangu akaniambia jioni ile. "Ni chumba kizuri. Wamekipaka chokaa."

Alivyolitamka lile neno chokaa, nikajua kwamba ameshahesabu mahali pa kuweka cherehani yake. Na mtu wa nyumbani, msomaji wangu, ni mtu wa nyumbani kwa sababu nyumbani kuna mtu.

Fundi aliyelifungua gari alikuwa Mjita mwenye sauti ya mnadani, karakana yake ikiwa chini ya mwamba mmoja mkubwa pale Igogo, kiasi kwamba mvua ikinyesha kila mwenye gari na asiye na gari alikimbilia humo. Alishusha giaboksi, akaniita nichungulie. Pleti ya klachi, ile sahani inayokamata nguvu ya injini na kuipeleka kwenye magurudumu, ilikuwa imebaki mabati na majivu. Nyuma yake flaiwili, gurudumu la chuma lililofungwa mkiani mwa injini, ambalo pleti hulikumbatia ili gari liondoke, lilikuwa limepata ufa kutoka katikati mpaka ukingoni.

"Ulikuwa unakimbia sana?" fundi akauliza.

"Nilikuwa nimesimama."

Akajifuta mikono. "Mimi nimeona mengi," akasema, "lakini kuua klachi umesimama, Karani, hicho ni kipaji."

Spea ya wenyewe waliounda gari haikuwepo Mwanza, haikuwepo Nairobi kwa mtu asiye na fedha za kigeni, na kuagiza Uingereza kulihitaji kibali ambacho kingetoka mke wangu akiwa ameshastaafu. Ilibidi tutafute ya nje ya kiwanda, kitu cha kufanana. Fundi akaenda nyuma ya karakana, akarudi mara mbili. Mara ya kwanza alibeba kitu kwa mkono mmoja, kimefungwa kwenye kitambaa cha khanga. Mara ya pili alibeba kitu kwa mikono yote, tumbo mbele, akakitupa juu ya gunia, na ardhi ikaitika.

Vyote viwili vilikuwa flaiwili na klachi zake. Ile nzito ilitoka kwenye pikapu ya mchuuzi wa samaki, injini ya ukoo mmoja na ya gari langu. Ilikuwa na kutu, imejaa mikwaruzo, na ukiinama karibu ulisikia harufu ya furu waliokaushwa. Ile ya kwenye khanga ilitoka kwenye gari la mashindano. Madereva wa mbio walipita Mwanza mwaka uliotangulia, mmoja akapindua gari, na wenyewe wakamwachia fundi vitu vilivyobaki.

Akaifungua ile khanga, na sisi wawili tukasogea.

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimeshika vyuma vingi stooni, lakini vyuma vile viliundwa na watu waliotaka vidumu. Hiki kiliundwa na mtu aliyekuwa anakipunguza. Kila mahali chuma kisipohitajika kilikuwa kimetobolewa, matundu mviringo yamepangwa kama macho ya nyavu, kingo zimesuguliwa mpaka zikawa laini kama sikio la mtoto. Nilikinyanyua. Mkono wangu, uliokuwa umejiandaa kwa uzito, ukapaa nacho mpaka usoni. Niliona uso wangu ndani yake, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilifanana na mtu anayekwenda mahali.

"Hii," fundi akanong'ona, naye si mtu wa kunong'ona, "ukigusa mafuta tu, injini inaruka kama kanga aliyekanyagwa. Haina mzigo. Haingoji."

"Na ile?"

Hakuitazama hata. "Ile ni ng'ombe."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, amevaa sare yake, anangoja lifti ya lori la kijiji. Akauliza, "Ipi kati ya hizo inaweza kupanda mlima polepole, bila kuzimika?"

Fundi akanitazama, nami nikamtazama fundi. Tulikuwa tumeishika ile nyepesi kwa zamu asubuhi nzima, tukaipima, tukaipuliza vumbi ambalo haikuwa nalo, na swali hilo halikuwa limetupitia kichwani.

"Mama, hii ni ya mashindano," fundi akasema, kwa upole wa mtu anayemweleza mgonjwa.

"Nimeuliza mlima," mke wangu akasema. Lori likapiga honi, akaondoka.

Tukafunga ile nyepesi.

Nisingizie nini? Nilikuwa kama mtu aliyeonyeshwa nyota karibu, akaambiwa achague kati yake na jiwe la kusagia. Tulipomaliza tukalisukuma gari mpaka barabara ya Nyegezi, penye tambarare, na hapo ndipo nilipolijua gari langu. Kwanza lilizimika. Pleti ile ya mbio haikuwa na nusu. Ilikuwa na hapana na ndiyo. Ukiinua mguu hakuna kitu, hakuna kitu, halafu gari lote linaruka na kufa. Fundi akalisukuma, likaruka likafa. Akalisukuma tena akitukana kwa Kijita. Mara likashika.

Nilikanyaga mafuta. Sindano ya mwendo ikapanda kabla sijamaliza kukanyaga. Ile sauti nzito niliyoizoea ikageuka kuwa kitu chembamba na kikali, kama nyuki milioni wamekubaliana jambo, na miti ya kando ya barabara ikaacha kuwa miti. Sikuogopa, na mimi huogopa hata ngazi. Niliona ziwa lote kulia kwangu likimetameta, nikafikiri: kumbe wanaosafiri wanafuata hiki. Machozi yalinitoka. Fundi alisema ni upepo, na kweli kioo cha mbele kilikuwa kifupi, lakini mimi najua.

Kisha nikageuza kurudi nyumbani, na nyumbani kulikuwa na mlima.

Lilizimika chini ya mlima. Lilizimika katikati. Kila nilipoinua mguu lilipiga teke, likafa, likarudi nyuma, nami safari hii breki ya mguu niliikumbuka. Injini haikuwa na kifua cha kuvumilia. Nguvu yake yote ilikuwa kwenye mbio, na mlima wa Igogo hauna nafasi ya kukimbilia. Mwishowe vijana waliokuwa wanashusha mihogo walilisukuma mpaka uani. Mama Balozi alikuwa anaanika dagaa mlangoni kwake. Hakusema neno, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Wiki ile mke wangu alilala zahanati siku nyingi kuliko alizolala nyumbani. Lori la kijiji lilipokosa dizeli, yeye alikosa kurudi. Nilirudi kutoka kazini nikakuta nyumba imekaa kama nilivyoiacha, kikombe mahali nilipokiweka, na hapo nikatambua kwamba sikuwahi kupenda nyumba. Nilipenda vitu visogezwe na mtu mwingine. Nilikula michembe baridi, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Alipokuja siku ya mapumziko, alichukua mto wake mmoja, akauweka kwenye kikapu cha kwenda nacho.

"Ule mto unaupeleka wapi?" nikauliza.

"Wa kule ni mgumu."

"Mwezi haujaisha."

"Haujaisha," akasema. "Bado kidogo."

Asubuhi yake nikaenda kwa fundi nikamwambia ashushe giaboksi tena. Akasikitika kama nimemwambia tuchinje farasi. Lakini aliishusha, na ile flaiwili ya pikapu tukaibeba kwa toroli mpaka karakana ya kinu, kwa sababu uso wake ulikuwa na makovu na klachi haiwezi kukamata kovu. Mkuu wa karakana alikubali ikerezwe wakati wa chakula, mashine zikiwa zimepumzika.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi hatua chache kutoka mashine ile ya kukereza, na nilikuwa sijawahi kusimama kuitazama. Flaiwili ilifungwa wima, ikaanza kuzunguka, chafu, kama sufuria ya msibani. Kisha ncha ya kisu ikaigusa. Utepe wa chuma ukatoka, mwembamba kuliko karatasi ya sigara, ukajikunja, ukaanguka unafuka. Chini ya kutu kulikuwa na kijivu. Chini ya kijivu kulikuwa na weupe. Kisu kilitembea kutoka ukingoni kuelekea katikati kwa mwendo wa kobe, na nyuma yake uso mpya ulikuwa unatandazwa, umetulia, kama ziwa saa zile za alfajiri kabla mtumbwi wa kwanza haujalikata. Yule ng'ombe wetu alikuwa anavuliwa ngozi, na ndani hakuwa ng'ombe.

Fundi, ambaye muda wote alikuwa amenuna, akasogea karibu.

Kisu kilipoondolewa na mota ikazimwa, mkerezaji aliachanisha gia za mashine, akaisukuma flaiwili kwa kiganja. Ikazunguka peke yake. Tukangoja isimame. Fundi akaniuliza kama nina sigara, nikamwambia sivuti, akaniambia anajua, anauliza tu. Ilikuwa bado inazunguka. Mkerezaji akafungua chakula chake, akanawa mikono. Bado. Haikuwa na sauti, haikuyumba, na kama isingekuwa alama moja ya chaki ukingoni ungeapa imesimama. Nikanyoosha kidole nikaugusa ule ukingo, nikausikia unaniondoa pembeni bila hasira, kama mama anavyomsogeza mtoto jikoni huku akiendelea na kazi.

Ile nyepesi ilinifanya nitake kwenda. Hii, nashindwa kusema vizuri, ilinifanya nivue kofia. Kitu kizito vile, kigumu kuanza, kikishaanza kinayashika yale uliyokipa na hakiyatupi. Nilikaa pale mpaka king'ora kikalia, na chakula changu sikukila.

"Ng'ombe," fundi akasema polepole, "ndiye anayelima."

Jumatatu ya mwisho wa mwezi gari lilikuwa uani, flaiwili ya pikapu tumboni mwake, na klachi ya pikapu, na breki ya mkono nayo ikiwa imefufuliwa. Mke wangu alikuja na kikapu chake. Mto ulikuwa bado ndani. Nilikaa kwenye usukani, nikawasha, nikaweka gia, nikaachia mguu, na kwa hofu tu, kwa mazoea ya ile ya mbio, nikaurusha. Likazima. Nikawasha tena. Likazima tena. Hata ng'ombe ana kiasi cha ujinga anachoweza kuvumilia.

"Sogea," mke wangu akasema.

"Gari hili lina tabia—"

"Sogea, bwana. Wagonjwa wanangoja. Tena shuka kabisa, mlima ni mkali."

Nikashuka. Alivua viatu, akaviweka kwenye kiti cha abiria, juu ya kikapu. Akaweka mguu juu ya klachi kama anavyouweka kwenye cherehani, bila kuukanyaga, kwanza anasikiliza. Kisha akauinua. Sikuona wakati gari lilipoondoka. Lilikuwa limesimama, halafu lilikuwa linakwenda, na kati ya hayo mawili hapakuwa na mshono. Likaufikia mlima. Injini ikashusha sauti, ikazidi kushusha, nikafunga macho. Nilipofungua lilikuwa bado linapanda, polepole kuliko mtu mwenye ndoo kichwani, linapita kati ya mawe yale makubwa kama kitu kilichovutwa kwa kamba kutoka mbinguni. Lilipofika juu halikuongeza mwendo, likatoweka. Nilibaki na funguo za nyumba mkononi.

Sikumbuki nilifanya nini kinuni siku ile. Mchana nilitoa maboliti kwa aliyeomba nati. Jioni nilisimama barabarani mbele ya nyumba, na Mama Balozi akatoka akasimama kwenye mlango wake, anakunja mkeka wa dagaa, na hakuuliza nangoja nini.

Tulilisikia kabla ya kuliona: ule mngurumo wa chini, usio na haraka. Likajitokeza juu ya mlima, limepakwa tope mpaka kwenye madirisha, likateremka limejishika lenyewe, likaingia uani na kutulia bila kutikisika. Nililizunguka. Nikaweka kiganja juu ya boneti, nikausikia ule mzunguko mzito ukiwa bado unamalizikia ndani, nikainama nikatega sikio ili usinipite. Mke wangu alishuka peku, viatu mkononi, kikapu begani na mto ndani yake, akasimama kando yangu, akangoja, kisha akaingia ndani. Nilikuwa bado nimeinama.

Mama Balozi akauweka mkeka wake chini.

"Acha kulitazama gari, Karani," akasema. "Katazame mkeo. Amerudi na njaa, na jikoni kwako hakuna hata moshi."